Tani Moja ya Magadi Hutoa Kilo Ngapi?

Ukitoka Kiserian kwa barabara ya Magadi na kupita Corner Baridi, Bonde la Ufa hufunguka mbele yako, na kutoka hapo unateremka zaidi ya mita elfu moja kabla ya kulifikia ziwa. Kiserian iko chini ya vilima vya Ngong, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Magadi liko kwenye mita 600 hivi. Chemchemi za maji moto yenye chumvichumvi hulilisha ziwa hilo, jua kali huyakausha maji, na kinachobaki ni tabaka nene la magadi, jeupe lenye rangi ya waridi hapa na pale. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, na reli ya kutoka Konza kupitia Kajiado ikafika ziwani mwaka 1915. Leo kampuni hiyo ni ya Tata Chemicals, lakini kazi yenyewe ni ileile kimsingi: magadi yanachimbwa, yanasagwa, yanaoshwa, yanachomwa kwenye tanuri, kisha yanasafirishwa.

Mkuu wa kiwanda, mnunuzi wa ng'ambo na mwanafunzi wa kidato cha tatu wanakutana kwenye swali moja. Ukiingiza tani moja ya magadi ghafi tanurini, utatoa kilo ngapi za sodiamu kaboneti? Jibu linapatikana hata kabla tanuri halijawashwa, na halihitaji zaidi ya karatasi, kalamu na mlinganyo uliosawazishwa:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Kushoto ni magadi ghafi, ambayo wanakemia huyaita trona. Ndani yake mna vitu vitatu vilivyoshikana: sodiamu kaboneti, sodiamu baikaboneti na maji. Moto ukiyapata, maji hutoka kama mvuke, baikaboneti huvunjika na kuachia kaboni dioksidi, na kinachosalia ni sodiamu kaboneti tupu, ile inayokwenda kwenye viwanda vya vioo na sabuni.

Kabla ya kuuamini mlinganyo huu, ukague. Sodiamu kushoto ni sita, na kulia ni tatu mara mbili, yaani sita. Kaboni ni nne kushoto; kulia ni tatu kwenye kaboneti na moja kwenye hewa inayotoka. Haidrojeni ni kumi huku na kumi kule. Oksijeni ni kumi na sita kushoto. Kulia ni tisa, mbili na tano, jumla kumi na sita. Hakuna atomu iliyopotea wala iliyozaliwa. Mfaransa Antoine Lavoisier aliitetea kanuni hiyo kwa mizani yake katika karne ya 18, na hesabu zote zitakazofuata zinaiegemea. Mlinganyo ambao haujasawazishwa hauwezi kutumika kukokotoa chochote, kwa sababu unadai kwamba vitu vimetoka pasipo kitu au vimetoweka bila kwenda popote.

Sasa tufike mahali ambapo wengi huteleza. Mwanafunzi anaona 2 kushoto na 3 kulia, naye anaandika kwamba tani mbili za magadi hutoa tani tatu za kaboneti. Ajiulize mwenyewe aliyeandika: hiyo tani ya tatu imetoka wapi, na bado kuna mvuke na hewa vilivyopanda juu vikaenda zao? Namba zilizo mbele ya fomula hazihesabu kilo. Zinahesabu vipande. Zinasema vipande viwili vya magadi ghafi hutoa vipande vitatu vya kaboneti, na kipande cha magadi ni kizito zaidi ya mara mbili ya kipande cha kaboneti.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi hakuna anayehesabu misumari mmoja mmoja. Fundi anayetaka misumari ya inchi nne na ya inchi mbili kwa idadi sawa hawezi kuagiza kilo moja ya kila aina, kwa kuwa ya inchi mbili itamzidi kwa wingi. Lakini akijua uzito wa msumari mmoja wa kila aina, mizani itamhesabia. Mwanakemia hufanya vivyo hivyo, ila vipande vyake ni vidogo mno hata idadi inayomfaa ni kubwa ajabu. Idadi hiyo ndiyo moli. Tangu mwaka 2019 imewekwa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, bila kuzidi wala kupungua. Huna haja ya kuikariri namba hiyo ili ukokotoe magadi. Unachohitaji ni uzito wa moli moja ya kila kitu, na huo unaupata kwa kujumlisha namba za jedwali la elementi: sodiamu 23, kaboni 12, oksijeni 16, haidrojeni 1.

Moli moja ya sodiamu kaboneti ina gramu 106. Baikaboneti ina 84. Maji ni 18, na kwa kuwa yako mara mbili, ni 36. Jumlisha: moli moja ya magadi ghafi ni gramu 226. Mlinganyo unataka mbili, kwa hiyo kushoto tuna gramu 452. Kulia, kaboneti tatu ni gramu 318, kaboni dioksidi ni 44, maji matano ni 90. Jumla ya 318, 44 na 90 ni 452. Jumla hiyo inapolingana pande zote mbili, ujue hukukosea mahali. Isipolingana, usiendelee; rudi nyuma utafute kosa.

Sasa kilo zinaruhusiwa kuingia. Kila gramu 452 za magadi ghafi hutoa gramu 318 za kaboneti. Uwiano huo haubadiliki ukipima kwa gramu, kilo au mabehewa. Tani moja ya magadi safi kabisa hutoa kilo 703.5 za sodiamu kaboneti, kilo 97.3 za kaboni dioksidi na kilo 199.1 za mvuke wa maji. Karibu theluthi moja ya mzigo ulioingia tanurini inapaa hewani, na hakuna fundi wala mtambo utakaoizuia.

Njia hiyohiyo hurudi nyuma. Mnunuzi akiagiza tani 1,000 za kaboneti, zidisha kwa 452 ugawanye kwa 318, nawe utajua kwamba zinahitajika tani 1,421 za magadi safi. Lakini ziwa halitoi magadi safi. Magadi huja na chumvi ya kawaida, udongo na vitu vingine. Tuseme kati ya kila tani mia zilizochimbwa, tisini ndizo magadi yenyewe. Basi gawanya 1,421 kwa 0.9 upate tani 1,579 hivi. Mwanafunzi anayezidisha kwa 0.9 badala ya kugawanya atapata namba ndogo kuliko aliyoanza nayo. Namba hiyo itakuwa inamwambia kwamba mzigo mchafu unahitajika kidogo kuliko mzigo safi. Namwomba kila anayekokotoa ajizoeze kuuliza swali hilo dogo mwishoni: je, jibu hili linaingia akilini?

Kuna pia tofauti kati ya hesabu na kilichopatikana. Kama tani moja ya magadi safi imetoa kilo 660 badala ya 703.5, kiwanda kimepata asilimia 93.8 ya kilichowezekana, na kilichobaki kilimwagika, kilipeperushwa na vumbi au kiliganda mahali. Hilo ni jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni kupata kilo 750. Anayeleta kilo 750 hajavumbua kitu. Magadi yake hayajaiva: bado yana maji au baikaboneti ambayo haijavunjika. Ndiyo sababu katika maabara tunaambiwa tuchome, tupime, tuchome tena, tupime tena, hadi uzito usibadilike. Mlinganyo umeweka dari, na anayeipita ana maelezo ya kutoa.

Dari hiyo inaeleza hata historia ya biashara. Nchi nyingi hazina ziwa kama letu, na kwa muda mrefu zimetengeneza sodiamu kaboneti kwa njia ya Mbelgiji Ernest Solvay iliyoanza miaka ya 1860, kwa kutumia chokaa mawe na chumvi. Hatua zake ni nyingi, ila ukizijumlisha zote unapata mlinganyo mmoja:

CaCO₃ + 2NaCl → Na₂CO₃ + CaCl₂

Piga hesabu ya uzito: 100 na 117 kushoto, 106 na 111 kulia. Maana yake ni kwamba kila tani 106 za kaboneti zinazotoka kiwandani zinafuatana na tani 111 za kalsiamu kloraidi, ambayo soko lake ni dogo na inabidi itafutiwe mahali pa kwenda. Mwenye kiwanda hawezi kuikwepa kwa ujanja, kwa kuwa klorini iliyoingia na chumvi lazima itoke na kitu. Magadi ya ziwani, kwa upande wake, huacha mvuke na kaboni dioksidi tu. Brunner Mond, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitumia njia ya Solvay tangu karne ya 19, iliichukua Magadi Soda mwaka 1924. Sidhani kwamba waliohusika walihitaji kuelezwa faida ya ziwa lenye kaboneti iliyokwisha kutengenezwa na ardhi. Marekani nayo ina hazina kubwa ya trona huko Green River, Wyoming, na tani moja yake safi hutoa kilo zilezile 703.5. Mlinganyo haubagui mahali.

Upande wa pili wa Kaunti ya Kajiado, kuelekea Kitengela na Athi River, hesabu ni ya saruji. Vilima vya Kajiado vina chokaa mawe, nayo ikichomwa hugawanyika hivi: CaCO₃ → CaO + CO₂, yaani 100 huwa 56 na 44. Klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, ina chokaa ya CaO karibu asilimia 65. Kwa hiyo tani moja ya klinka ina kilo 650 za CaO, na mlinganyo unasema ziliambatana na kilo 511 hivi za kaboni dioksidi kutoka kwenye jiwe lenyewe, kabla hujahesabu makaa ya kuwashia tanuri. Atakayekuambia kwamba saruji inaweza kuondolewa hewa hiyo yote kwa kubadilisha moto peke yake hajasoma upande wa kulia wa mshale.

Nasikitika kwamba mifano mingi ya vitabu vyetu vya shule ni utepe wa magnesiamu na shaba iliyoagizwa kutoka mbali. Katika mtalaa wa 8-4-4 sura ya moli iko kidato cha tatu, mara baada ya sheria za gesi, na wengi hukata tamaa na kemia papo hapo. Wakati huohuo, sokoni Kiserian mama anauza mabonge ya magadi ya kupikia githeri na mboga za kienyeji. Bonge hilo linatosha kufundisha sura nzima, tena kwa vyombo ambavyo kila shule inayofanya mtihani wa vitendo inavyo.

Jaribio ni hili. Pima gramu 2.26 za magadi yaliyosagwa, yayeyushe kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, ongeza maji hadi yafike mililita 250. Kwa pipeti, chukua mililita 25 na uweke kwenye chupa, utie matone mawili ya metili orenji. Maji yatakuwa ya manjano. Jaza bureti asidi ya haidrokloriki yenye moli 0.1 kwa lita, kisha iachie polepole huku ukitikisa chupa, tone kwa tone unapokaribia mwisho, hadi rangi igeuke kutoka manjano na kuanza kuwa nyekundu. Kinachotokea ndani ya chupa ni hiki:

Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O + 3HCl → 3NaCl + 2CO₂ + 4H₂O

Kama magadi ni safi, gramu 2.26 ni moli 0.01 barabara, kwa sababu moli moja ni gramu 226. Ndani ya mililita 25 mtakuwa na sehemu ya kumi, moli 0.001. Mlinganyo unadai asidi mara tatu, yaani moli 0.003, na kwa asidi ya 0.1 hizo ni mililita 30. Bureti ikisoma 27, asidi iliyotumika ni moli 0.0027, magadi yaliyokuwemo ni moli 0.0009, na usafi ni asilimia 90, maadamu uchafu uliomo hauli asidi. Chumvi na mchanga haviili. Mtoto wa miaka kumi na saba amepima ubora wa bidhaa ya kaunti yake kwa matone. Ajaribu kisha bonge la muuzaji mwingine, alinganishe.

Angalia ile 3 iliyo mbele ya HCl. Anayeisahau atasema magadi yana usafi wa asilimia 270, na hapo tena jibu lenyewe litampigia kelele.

Hesabu za gesi zinahitaji uangalifu wa ziada kwa mtu wa Kiserian. Karatasi ya mtihani husema moli moja ya gesi yoyote katika joto la kawaida la chumba hujaza lita 24. Hilo ni kweli Mombasa, usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa Kiserian kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 81 ya ile ya pwani, gesi hutanuka zaidi, na moli hiyohiyo hujaza karibu lita 30. Katika mtihani tumia 24 ulizopewa. Katika chumba chako tumia 30.

Na chumba ndicho ninachotaka tukitazame sasa. Usiku wa Juni na Julai baridi ya vilima vya Ngong huingia hadi kwenye mifupa, na watu huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Chukua chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, chenye hewa ya lita elfu ishirini na tatu hivi. Jiko limetiwa mkaa wenye gramu 600 za kaboni, yaani moli 50. Mkaa ukiungua sawasawa, C + O₂ → CO₂, unahitaji moli 50 za oksijeni, ambazo hapa ni lita 1,500. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, kwa hiyo mkaa wote unahitaji lita 7,100 hivi za hewa. Chumbani mna zaidi ya mara tatu ya hizo. Mtu aliyefika hapo anaweza kujiambia kwamba hewa inatosha, akalala.

Kosa lake ni kuhesabu hewa ya chumba badala ya hewa inayoufikia mkaa. Katika mmenyuko wowote, kinachokwisha kwanza ndicho kinachoamua nini kitatokea. Katikati ya makaa yaliyorundikana, oksijeni huisha kabla ya kaboni, na hapo mmenyuko mwingine huchukua nafasi:

2C + O₂ → 2CO

Hii ni kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Hewa yenye sehemu moja ya gesi hiyo kwa kila sehemu elfu inaweza kumpotezea mtu fahamu na kumwua ndani ya saa chache. Chumba chetu kina moli 750 hivi za hewa. Sehemu moja kwa elfu ni moli 0.75 za CO. Mlinganyo unasema kila moli ya CO inatokana na moli moja ya kaboni, kwa hiyo inatosha moli 0.75 za kaboni, ambazo ni gramu 9. Kati ya gramu 600 zilizo jikoni, tisa tu zikiungua vibaya zinatosha kukijaza chumba kiwango hicho, kama mlango na dirisha vimefungwa kabisa na hewa haitoki. Hicho ni kipande kimoja cha mkaa kisichojaza kiganja.

Makaa yanayoonekana kufifia bado yanatoa gesi hii. Sufuria ya maji juu ya jiko haiizuii, kwa kuwa CO haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana. Kinachosaidia ni hewa inayopita. Mwenye jiko la mkaa Kiserian, Ngong au popote penye baridi, lipeleke nje kabla ya kufunga mlango wa kulala, na umwambie jirani yako afanye vivyo hivyo.